Wanga Chini, Nyama Kidogo: Hesabu Ianzie Kwenye Protini

Ushauri mwingi wa kupunguza wanga umeandikwa kwa ajili ya mla nyama. Asubuhi mayai na nyama, mchana nyama na majani, usiku samaki au kuku. Sasa mfikirie mtu anayekula nyama mara mbili kwa wiki, kipande kidogo tu, na hana mpango wa kuongeza. Huenda hapendi ladha yake, huenda tumbo linaikataa, au dhamiri yake haimruhusu kuila kila siku. Akiufuata ushauri ule nusunusu, ataondoa nafaka, mkate, maharage na viazi, na sahani itabaki na mboga, parachichi, karanga na jibini. Atashiba. Mizani itamfurahisha wiki ya kwanza, ingawa sehemu kubwa ya uzito huo ni maji: kila gramu ya glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa kwenye ini na misuli, hushikana na takriban gramu 3 za maji, na akiba hiyo ikitumika maji hutoka nayo. Asichokiona ni kwamba pamoja na wanga amepunguza protini pia, kwa sababu mkate na maharage aliyoyaacha vilikuwa vinampa protini bila yeye kuhesabu.

Hapo ndipo watu wanapogawanyika, na kila upande una hoja yenye uzito.

Upande wa kwanza unasema tatizo halipo. Shusha wanga hadi kati ya gramu 20 na 50 kwa siku, weka protini ya wastani, kisha acha mafuta yachukue asilimia 70 au zaidi ya nishati yote. Ini litaanza kutengeneza ketoni kutokana na mafuta, ubongo utazitumia badala ya sehemu kubwa ya glukosi, na njaa itatulia. Kwa asiyependa nyama, wanasema, mpango huu ni mwepesi kuliko mwingine wowote, kwa kuwa mafuta hayahitaji mnyama: yapo kwenye zeituni, parachichi, lozi na nazi. Upande wa matibabu pia wana la kujivunia. Mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kilitoa ripoti ya pamoja ya wataalamu, nayo ilikiri kwamba kati ya mbinu za lishe, kupunguza wanga ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kuboresha sukari ya damu.

Sibishani na hilo. Ninachokitilia shaka ni zile asilimia. Lishe hiyo, iitwayo lishe ya ketoni, ilibuniwa kama tiba: mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, aliipendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, na katika umbo lake kali, ambalo kila gramu 4 za mafuta huendana na gramu 1 ya protini na wanga kwa pamoja, mafuta hutoa asilimia 90 ya nishati. Lengo lilikuwa kupandisha ketoni ili degedege lipungue. Protini ilibanwa kwa makusudi, maana ikizidi ini huigeuza sehemu yake kuwa glukosi. Mtu anayetaka tu kupunguza kilo au kutuliza sukari hana sababu ya kurithi kanuni hiyo, hata ile iliyolegezwa.

Halafu asilimia zenyewe hudanganya. Protini ya asilimia 20 kwa anayekula kalori 2,000 ni gramu 100. Kwa aliyejibana hadi kalori 1,200, asilimia ileile ni gramu 60. Misuli haijui asilimia. Inahitaji gramu kulingana na uzito wa mwili, na mahitaji hayo hayashuki kwa sababu mtu amepunguza chakula. Kinyume chake, wakati wa kupungua uzito ndipo protini inapohitajika zaidi, ili kinachochomwa kiwe mafuta na si misuli. Kiwango rasmi cha gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito kiliwekwa kumkinga mtu mzima mwenye afya asipungukiwe. Hakikuwekwa kwa ajili ya mtu aliye kwenye mlo wa kupunguza uzito. Kwa waliovuka miaka 65, kundi la wataalamu lililokutana kulijadili jambo hili lilipendekeza mwaka 2013 gramu 1.0 hadi 1.2.

Upande wa pili ni wa wale wanaosema kupunguza wanga bila nyama ni kujisumbua bure. Ama ule nyama, ama urudishe nafaka na maharage na kukaa ndani ya mipaka ya kawaida, ambayo kwa mujibu wa miongozo ya Marekani ni asilimia 45 hadi 65 ya nishati kutoka kwenye wanga. Nao huleta takwimu. Mwaka 2018 jarida la Lancet Public Health lilichapisha uchambuzi wa watu wazima zaidi ya 15,000 nchini Marekani, waliofuatiliwa kwa miongo kadhaa. Vifo vilikuwa vichache zaidi kwa waliopata takriban nusu ya nishati yao kutoka kwenye wanga, na vilipanda kwa waliokuwa chini sana na kwa waliokuwa juu sana. Mwaka huohuo jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford lililoongozwa na Christopher Gardner liliwagawa watu 609 kwenye makundi mawili. Baada ya miezi 12, waliopunguza mafuta walikuwa wamepoteza wastani wa kilo 5.3 na waliopunguza wanga kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na maana. Kama matokeo yanalingana, kwa nini mtu ajinyime mkate?

Swali hilo la haki lina jibu. Stanford walipima wastani wa kundi. Ndani ya kila kundi wapo waliopungua sana na wapo walioongezeka. Anayeona wanga kidogo unamtuliza njaa hakatazwi na wastani wa wengine. Uchambuzi wa Lancet nao ulikuwa wa ufuatiliaji, si majaribio: watu waliulizwa wanakula nini, kisha wakatazamwa wanaishi muda gani. Hauwezi kuthibitisha chanzo. Lakini una sehemu ya pili ambayo wanaoutaja huiruka, nayo ndiyo inayomhusu mtu wetu zaidi. Waliobadilisha wanga kwa protini na mafuta ya wanyama walikuwa na vifo vingi zaidi. Waliobadilisha kwa vya mimea walikuwa na vichache zaidi. Kwa hiyo mla nyama kidogo si mtu aliyekosea njia. Huenda ndiye aliyesimama mahali pazuri, mradi asijinyime protini.

Kuna jaribio dogo linaloonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Mwaka 2009 David Jenkins na wenzake wa Toronto waliwapa watu wenye uzito mkubwa na kolesteroli ya juu mlo wa mimea wenye wanga wa asilimia 26, protini 31 na mafuta 43, kwa wiki 4. Walipungua uzito sawa na waliopewa mlo wa wanga mwingi, lakini kolesteroli mbaya ilishuka zaidi kwao. Ukiangalia protini hiyo ilitoka wapi, utaona sehemu kubwa ilikuwa gluteni, yaani protini ya ngano, na soya. Yaani waliifikia kwa vyakula vilivyoandaliwa mahususi. Majani na parachichi peke yake visingewafikisha.

Msimamo wangu ni huu: weka protini kwanza kwa gramu, kisha legeza wanga kiasi cha kutosha kuingiza maharage, na mafuta yajaze nafasi inayobaki. Anayeshikilia gramu 20 za wanga huku hali nyama anajifungia milango yote miwili. Akikubali gramu 70 hadi 100, bado yuko chini ya 130, mpaka ambao wengi huutumia kutofautisha mlo wa wanga kidogo na wa kawaida.

Tuhesabu kwa mtu wa kilo 70 anayelenga gramu 1.2 kwa kilo, yaani 84. Mayai mawili yanampa protini gramu 12 na wanga usiofika gramu 2. Mtindi mzito uliochujwa, usiotiwa sukari, gramu 200, unampa 18 hadi 20, na wanga kama 8. Maharage yaliyopikwa, gramu 200, yanampa 17. Wanga wake ni kama 45, lakini zaidi ya gramu 12 za huo ni nyuzinyuzi zisizogeuka sukari. Konzi ya karanga, gramu 30, ni protini 8 na wanga 5. Kipande cha kuku cha gramu 80 ni 25. Mboga za majani zitaleta chache za mwisho, pamoja na wanga wa 15 hivi. Protini imefika, na wanga umebaki chini ya 80. Siku isiyo na nyama, gramu 150 za tofu ngumu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) au kipande cha samaki huziba sehemu kubwa ya pengo la kuku, na yai moja humaliza kazi.

Mafuta ndiyo ya mwisho kuhesabiwa. Kama mtu huyo anakula kalori 1,700, protini na wanga vimechukua takriban 640, na zilizobaki zinatosha gramu 118 za mafuta, kwa kuwa kila gramu ina kalori 9. Hiyo ni zaidi ya asilimia 60 ya nishati, bila mtu kumwaga siagi kwenye kahawa (mtindo ambao sijawahi kuelewa unamsaidia nani). Anayetaka kupungua haraka zaidi apunguze hapa, si kwenye protini.

Na hapa walaji wa nyama kidogo wana mtego wao, nao ni jibini. Nyama ikitoka, jibini huingia kimyakimya: kwenye mayai, kwenye saladi, kama kitafunio cha jioni. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba, yale yanayoganda yakipoa, yasizidi asilimia 10 ya nishati. Kwa kalori 1,700 ni gramu 19, na gramu 100 za jibini ngumu kama cheddar zinamaliza kiasi hicho chote. Mafuta ya nazi nayo ni ya mimea, lakini zaidi ya asilimia 80 yake yameshiba. Aliyeiacha nyama kwa ajili ya moyo, kisha akaijaza nafasi yake kwa vitu hivi viwili, amehamisha tatizo tu. Zeituni, parachichi, lozi, karanga na samaki wa mafuta ndio wabebe mzigo huo. Karanga zipimwe, lakini. Gramu 100 zina kalori zaidi ya 560, na kiganja kinachorudi kwenye bakuli hakijui kuhesabu.

Hoja kwamba protini ya mimea haina asidi amino zote, yaani vijenzi vya protini, kwa kiasi cha kutosha inastahili kutazamwa, kwa sababu wapinzani wanapoigusa wanagusa penye ukweli. Maharage yana upungufu wa methionini, mojawapo ya asidi amino hizo, na nafaka ndiyo iliyokuwa ikiufidia. Ukiondoa nafaka umeondoa mwenzake. Ila mayai, maziwa na samaki vinaufidia vizuri zaidi, ufuta pia una methionini nzuri, na soya ina asidi amino zote muhimu kwa kiasi cha kutosha. Si lazima vikutane kwenye sahani moja. Siku moja inatosha. Kwa wazee ningeangalia zaidi mgawanyo, maana misuli yao huitikia vizuri mlo wenye gramu 25 hadi 30 za protini kuliko vijisehemu vya kumi kumi vilivyotawanyika.

Vitamini B12 hupatikana kwa asili kwenye vyakula vya wanyama tu. Anayekula mayai, mtindi na samaki kila mara huenda asiwe na shida. Anayekaribia kuviacha vyote atumie kidonge. Madini ya chuma ya mimea hufyonzwa vizuri yakiliwa na pilipili hoho au limau, na vibaya yakiandamana na chai.

Wenye ugonjwa wa figo hesabu hii ya protini haiwahusu mpaka daktari aseme. Wanaotumia insulini au dawa za kisukari za kundi la sulfonilurea wanaweza kushukiwa na sukari siku ya kwanza tu ya kupunguza wanga, kwa hiyo dozi irekebishwe kabla ya mlo kubadilika, na wanaotumia dawa za kisukari za kundi la SGLT2 wana hatari ya damu kujaa asidi ya ketoni hata sukari ikiwa si ya juu.

Kwa mwenye kisukari ambaye daktari ameshampa ruhusa, kipimo cha sukari cha nyumbani kitamaliza ubishi wa maharage haraka kuliko mimi. Apime kabla ya kula na saa 2 baada ya kula. Kama gramu 200 zinampandisha kuliko anavyotaka, apunguze hadi 100 na aongeze yai na tofu. Kama hazimpandishi, hana sababu ya kuziogopa kwa ajili ya namba iliyowekwa kwa watu wengine.