Mwamba ngoma na kamera yake: nani kasema hadikoo ilikufa 1986?

Filamu ya dokumentari American Hardcore, iliyotoka mwaka 2006, inafunga hesabu yake mwaka 1986. Wanamuziki waliokwisha kuwa watu wazima wanakaa mbele ya kamera na kutoa taarifa ya msiba: hadikoo, lile tawi la panki (muziki wa roki wa vijana waasi) lenye kasi na hasira kupita mengine, ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na haikuumaliza muongo. Lakini usiku wa kuamkia mwaka 1987, mjini Berkeley, California, ukumbi wa panki wa 924 Gilman Street ulifungua milango na vijana wakajaa. Mwaka huohuo wa 1987 bendi ya Fugazi, iliyochipuka kutoka hadikoo, ikapanda jukwaani kwa mara ya kwanza Washington. Marehemu gani huyu anayezaa akiwa kaburini?

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hapa waamba ngoma ni wawili. Mwongozaji Paul Rachman alikuwa akizipiga picha bendi za Boston enzi hizo. Steven Blush, ambaye kitabu chake ndicho kilichozaa filamu, alikuwa akiandaa maonesho Washington. Ujana wao ulipokwisha, na muziki ukaambiwa umekwisha.

Hata hivyo siwezi kuitupa filamu hiyo, na wanaoibeza nadhani wanasahau hali ilivyokuwa. Muziki huu haukuwa na nafasi kwenye redio wala televisheni kubwa. Bendi zilitoa santuri kwa fedha za mfukoni na kutangaza shoo kwa vikaratasi vilivyotolewa kwenye mashine ya fotokopi. Safari nzima ya kuvuka Marekani ilipangwa kwa daftari la namba za simu: unampigia kijana usiyemjua katika mji usioujua, anakutafutia ukumbi, kisha mnalala sakafuni kwao. Kanda za video za maonesho hayo zilibaki kwenye maboksi nyumbani kwa watu. Mgeni kutoka nje asingejua aanzie mlango gani, na angebisha, nani angemfungulia? Bila hao wawili, sehemu kubwa ya ushahidi huo ingeozea stoo. Anayelalamikia upendeleo wa mtu wa ndani akumbuke pia kwamba ni huyohuyo aliyekuwa na ufunguo.

Tatizo langu ni kile kiti cha mahojiano. Mtu akishakaa miaka ishirini na jambo, hulipanga likapangika. Vipigo vinageuka kichekesho, njaa inageuka ushujaa, na kila mmoja anajua kisa kiliishia wapi. Ndiyo maana nairudia mara nyingi zaidi filamu ya Penelope Spheeris, The Decline of Western Civilization, iliyopigwa Los Angeles kati ya mwaka 1979 na 1980. Mle ndani hakuna anayejua kesho. Ron Reyes, mwimbaji wa bendi ya Black Flag wakati huo, anatuonesha mahali anapolala ndani ya kanisa la zamani: kijisehemu kama kabati. Haoni haya wala hajisifu. Mashabiki, baadhi yao watoto kabisa, wanahojiwa chini ya balbu moja tupu, na wapo wanaotamka chuki za rangi bila mtu kuwakatiza wala kuwatetea. Msikilizaji anaachiwa mzigo wake mwenyewe. Kwenye kiti cha mahojiano, miaka ishirini baadaye, nani angerudia maneno yale?

Kamera ya papo kwa papo nayo ina deni lake. Darby Crash, mwimbaji wa bendi ya Germs, yuko jukwaani amelewa hata kipaza sauti kinamshinda, watu wamemchora kwa kalamu, na kamera inaendelea kuzunguka. Tarehe 7 Desemba 1980 alikufa kwa heroini, akiwa na miaka 22. Filamu ilipotoka mwaka 1981, bango lake lilikuwa na picha yake amelala jukwaani, macho yamefumbwa. Kila nikiliona bango hilo najiuliza ni nani aliyenufaika na usingizi ule. Mkuu wa polisi wa Los Angeles, Daryl Gates, aliandika barua akitaka filamu isioneshwe tena mjini mwake. Mwaka 2016 filamu hiyohiyo ikaingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa Marekani. Yote mawili hayamgusi Darby.

Kwa hiyo mmoja alichelewa na mwingine aliwahi mno? Laiti mambo yangekuwa mepesi hivyo. Swali zito zaidi ni la nani hakuwekewa kiti kabisa. Mwaka 2003 James Spooner alitoa filamu yake Afro-Punk, akiwafuata vijana weusi wapenda panki wa Marekani ambao kila wakiingia ukumbini walijikuta ndio weusi peke yao. Hapo ndipo historia rasmi inapoumbuka, maana Bad Brains, watu weusi wanne wa Washington, ndio waliozifundisha bendi nyingi za hadikoo maana ya kasi. Filamu za mashujaa huwataja kwa heshima zote, kama watu wa ajabu waliodondoka kutoka mbinguni. Spooner hakuwa na haja ya malaika. Alitaka kujua binti mweusi anayependa panki anarudije nyumbani, na shangazi zake wanamwambia nini kuhusu nywele zile.

Afrika Kusini nako kuna somo la kiti kitupu. Bendi ya panki ya National Wake ilianza Johannesburg mwaka 1979: Ivan Kadey, Mzungu, pamoja na ndugu wawili weusi, Gary na Punka Khoza. Waliishi nyumba moja wakati sheria ya makaburu inakataza, polisi wakiwaandama, wakatoa albamu moja mwaka 1981, kisha wakasambaratika. Filamu ya Punk in Africa ilipokuja kusimulia habari zao mwaka 2012, ndugu wote wawili walikuwa wameshafariki. Dokumentari ya mahojiano huegemea kwa waliosalia hata kama mwongozaji ana nia njema kiasi gani, na waliosalia mara nyingi ni wale ambao maisha hayakuwabana sana.

Nayafikiria haya nikisikiliza bendi ya Duma, vijana wawili wa Nairobi ambao albamu yao ya 2020, iliyotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, inapiga kelele kiasi cha kumtoa jirani nje. Kwetu sasa simu inarekodi kila shoo, kwa hiyo picha hazitakosekana. Litakalokuwa gumu ni kupata mtu wa kukaa na picha hizo bila kuharakisha kutuambia zina maana gani.

Mtu wa namna hiyo nimemwona mmoja. Jem Cohen aliwapiga picha Fugazi kwa zaidi ya miaka kumi, akatoa filamu ya Instrument mwishoni mwa miaka ya 1990. Hakuna mzee anayeeleza zama zilianza lini na zikaisha lini. Kuna safari, mazoezi, ukumbi, jasho. Halafu, katikati ya kelele zote, kamera inawageukia watu waliokuja kwenye onesho, mmoja baada ya mwingine: msichana anayetazama pembeni, mvulana asiyejua mikono aiweke wapi. Hawaulizwi chochote. Wanasimama tu, wanakutazama, na wewe unawatazama.