Nimelipia Jasho kwa Dola

Mimi nimezaliwa Ngamiani, Tanga, kwa hiyo mtu asije akanifundisha joto. Joto la pwani nalijua tangu tumboni. Lile la shati kunata mgongoni saa moja asubuhi, lile la kuoga ukatoka bafuni umelowa kuliko ulivyoingia. Siku nilipopata viza ya Marekani nikasema mimi na jasho basi, kila mtu ashike njia yake.

Sasa nisikilizeni.

Jumamosi asubuhi nimetoka zamu ya usiku ghalani, hapa Atlanta, hata viatu sijavua, mke wangu ananinyooshea simu. "Baba Nasra, hebu ona." Picha ya barabara, miti mikubwa imeifunika juu kama paa, imening'iniza mandevu ya kijivu. "Savannah hiyo, mji wa pwani. Twende." Nikamwambia kama anataka savana angebaki Serengeti, kule kuna na twiga. Hakucheka. Mwenzangu ni mtu wa Njombe, na kwa mtu wa Njombe pwani ni starehe. Hajui kuwa ile ni adhabu yenye minazi. Robo saa baadaye Nasra yuko kiti cha nyuma na mto wake, mimi niko kwenye usukani na fulana ya kazini.

Kilomita 400. Mpaka mji wa Macon si haba, unaona watu. Baada ya Macon unashika barabara namba 16, na hapo ni misonobari kushoto, misonobari kulia, lami imenyooka mpaka unahisi gari limesimama. Hakuna Chalinze, hakuna Segera, hakuna kijana wa kukukimbilia dirishani na machungwa ya Muheza. Ukisinzia hakuna hata tuta la kukuamsha! Kilichoniliwaza ni karanga za kuchemsha, tulizikuta kituo cha mafuta, na maganda yake, na chumvi yake, kama za kwetu kabisa. Nikanunua kikombe. Mke akakimaliza.

Tumefika, nafungua mlango wa gari, miwani ikafanya ukungu papo hapo. Sioni mke, sioni mtoto, sioni mji wa kihistoria. Nasikia tu fukuto limenikumbatia kama shangazi ambaye hatujaonana miaka kumi. Ni lilelile la Tanga la mwezi wa pili. Nimeliacha ng'ambo, likapanda meli likanitangulia.

"Bahari iko wapi?" mke anauliza.

Hakuna bahari. Mji uko kando ya mto. Bahari yenyewe iko kisiwa cha Tybee, mwendo wa kilomita kama 30 tena. Nikanyamaza, maana ndoa ina miaka 14. Ila pale mtoni zinapita meli za makontena kuelekea bandarini, ndefu kuliko mtaa, karibu kiasi cha kuwapungia mabaharia. Hiyo ndiyo burudani pekee ambayo hawakunidai kitu.

Mji umepangwa, nisiwe mnafiki. Oglethorpe, Mwingereza aliyeuanzisha 1733, aliacha viwanja vya wazi kila baada ya mitaa michache. Vilikuwa 24, vimebaki 22, kila kimoja na mabenchi na kivuli. Mke akataka kuviona vyote. Cha kwanza nilipiga picha. Cha tano nilikaa. Cha tisa niliomba wanizike hapohapo, sanamu wanayo tayari, wabadilishe jina tu.

Yale mandevu ya mitini yana Uhispania kwenye jina lake, Spanish moss, lakini hayakutoka huko. Ni jamaa wa nanasi. Jamaa asiyezaa nanasi, anakaa tu kwenye mti wa watu ananing'inia. Kila ukoo unaye. Na chini yake wapo usubi, wadudu huwaoni, unaona tu watoto wa watu wanajipiga makofi wenyewe.

Ngazi za kushukia mtoni ni za mawe, mwinuko kama ukuta, na wamebandika kibao kuwa ni za kihistoria, ukizitumia hatari ni yako. Kwetu hawabandiki kitu, unaanguka kwanza halafu unaambiwa pole. Chini barabara ni ya mawe yaliyokuja kwenye matumbo ya meli kuzipa uzito. Viatu vya mke havikurudi salama.

Chakula: kamba juu ya uji. Ni mahindi, nimeyatambua, uji mzito ulioogopa kuwa ugali. Mtamu, lakini bei ile ningenunua gunia.

Usiku ndiyo nilichoka kabisa. Watu wanapanda gari la maiti, gari la maiti lenyewe, limekatwa paa, wanazungushwa mjini kuonyeshwa nyumba zenye mizimu. Wanalipa! Mimi nimekulia mtaa ambao majini walitutisha bure, na ukitaka waondoke ndipo unatoa hela.

Kuna mahali pamoja tu sikulalamika. First African Baptist, kanisa lililojengwa na watumwa wenyewe, likakamilika 1859. Sakafu ya chini ina matundu madogo yaliyotobolewa kwa mpangilio kama nakshi. Wenyeji wa kanisa husimulia kuwa yalikuwa ya kupitisha hewa kwa watoro waliojificha chini ya mbao. Chini ya mbao, jamani, na joto hili. Nilifunga mdomo dakika 20. Mke anasema 12.

Jumapili jioni, mafuta yameisha, mbavu zimeisha, nikampigia mama Tanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona huonekani?"

"Tulitoka kidogo, tumetembea mji mmoja wa pwani."

"Kuna nini huko?"

Nikafikiri. "Kuna majumba ya kale. Miti mikubwa. Meli. Kuna karanga za kuchemsha, joto, usubi na majini."

Simu ikawa kimya mpaka nikadhani salio limekata.

"Na mwaka jana," akasema mama, "si uliniambia Tanga huji kwa sababu huna nauli?"