Usiniuzie sindano bila koo lake

Mwezi uliopita ndege yangu ndogo ya modeli iliruka vizuri, ikainua pua, injini ikazima. Ikaangukia kwenye migomba iliyo kando ya uwanja. Mama mwenye shamba akasimama kunitazama nikichomoa bawa kwenye majani. "Ssebo (bwana), mafuta yamekuishia?"

Tangi lilikuwa nusu. Wenzangu nao wakaanza kulaumu: huyu plagi, yule jua, mwingine methanoli na mafuta ya mbarika ninayochanganya mwenyewe. (Methanoli yenyewe naifungia kabatini. Ni ileile ikiingia kwenye waragi, pombe kali ya Uganda, watu wanapofuka na kufa.) Kabureta hakuna aliyeigusa.

Kosa lilikuwa langu. Injini hiyo ya sentimita 4 za ujazo niliinunua mtumba, bila kabureta. Koo, yaani njia ya hewa ya kabureta, nikalipata kwa mtu mmoja; sindano ya kupimia mafuta na kijibomba chake kinachoyatoa ndani ya koo, kwa mwingine. Vikaingiana bila hata tupa, nikajiona fundi.

Tundu la koo lile lilikuwa milimita 8, na kijibomba kinacholikatiza kina unene wa milimita 4. Ukiondoa sehemu kinayoziba, hewa inabaki na karibu milimita 20 za mraba. Kwa injini ndogo inayovuta mafuta yenyewe, hiyo ni barabara pana mno: hewa inapita taratibu, mvuto unalegea, mafuta yanakuja kwa kubembelezwa. Ndege ikiwa chini hushtuki, kwa sababu tangi na sindano viko usawa mmoja. Pua ikiinuka, tangi linabaki chini ya injini, na mvuto ule haba hauwezi kuyapandisha mafuta.

Fundi mmoja wa leithi (mashine ya kukerezea) kule Katwe, mtaa wa Kampala, alinikerezea pete ya alumini, tundu likawa milimita 7.

"Milimita moja tu, mzee?" Alikuwa kama anaona haya kunidai hela.

Moja tu. Lakini kwa kijibomba kilekile, nafasi ya hewa imeshuka kutoka 20 hadi kama 12. Sasa injini inavuta mpaka juu.

Ndiyo maana huu mtindo wetu wa kuuziana vipuri kimoja kimoja siupendi. Koo, kijibomba na sindano viuzwe pamoja, au mwenye navyo apime kwanza na kutaja vipimo. Kuna na hesi, yaani uzi wa skrubu: injini za zamani za Marekani, kama Cox, ni za inchi, za Japani ni za milimita. Sindano ya kulazimisha itaingia mizunguko miwili, kisha inakula uzi. Hata ikikubali, hewa ikipenya kwenye uzi hutaweza kuiseti kamwe. Kipande cha mpira wa silikoni juu yake hutosha kuziba.

Na ile mizunguko ya sindano iliyoandikwa kwenye kijitabu cha injini ni pa kuanzia tu. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, hivyo sindano hufungwa kidogo zaidi. Ukienda Kabale, karibu mita 2,000, utaifunga tena.

Nina koo jingine la milimita 8, la akiba; bado liko kwenye kopo langu. Juzi kijana alilitaka, hela mkononi. Nikamwambia alete injini yake kwanza, na kalipa ya kupimia.