Kupunguza Gharama ya Bima ya Gari: Pa Kukata na Pa Kuacha

Muda wa bima unapokaribia kwisha, mwenye gari husikia sauti mbili. Moja inamwambia atafute ya bei ya chini kabisa, kwa kuwa askari barabarani anachotaka ni hati tu na ajali huenda isitokee. Nyingine inamwambia rahisi ni ghali, akate bima kubwa, ile inayolipia hata gari lake mwenyewe, na alipe anachotajiwa. Kila upande una hoja, lakini zote mbili zinaizungumzia bima kana kwamba ni kitu kimoja. Malipo yale ya mwaka yananunua vitu kadhaa kwa pamoja, na anayetaka kuokoa fedha bila kujidhuru hana budi kuvitenganisha: ni hasara ipi angeweza kuilipa mwenyewe ikimfika, na ipi ingemfilisi.

Inayofilisi ni ile unayomsababishia mwingine. Gari lako likiteketea lote, hasara yake ina mwisho, nao ni thamani ya gari. Mtu uliyemgonga akavunjika uti wa mgongo anaweza kuhitaji matibabu na matunzo kwa miaka thelathini, na mahakama inaweza kuamuru ulipe hata mshahara ambao angeupata. Ndiyo maana nchi nyingi zimeifanya bima ya mtu wa tatu, yaani bima ndogo inayomlipa uliyemdhuru, kuwa ya lazima. Uingereza ilifanya hivyo kwa sheria ya barabara ya mwaka 1930, kwa sababu majeruhi walikuwa wakishinda kesi dhidi ya madereva wasio na chochote cha kulipa. Hapa sioni sababu ya kubana. Kinyume chake, soma kiwango cha juu ambacho kampuni italipa kwa mtu mmoja na kwa ajali moja, kisha uulize kukipandisha kungeongeza kiasi gani. Wengi wanaosema wamepata bima nafuu hawajawahi kuusoma mstari huo.

Kwa gari lenyewe, mambo ni tofauti, na hapa wanaotafuta unafuu wana haki kubwa kuliko wanavyopewa. Bima kubwa hailipi bei uliyonunulia gari. Kwa kawaida hulipa thamani ya soko siku ya hasara, ikikata kile kiasi unachobeba mwenyewe, ambacho mawakala hukiita eksesi. Gari kuukuu likiharibika kabisa, kinachobaki baada ya makato hayo kinaweza kuwa kidogo mno. Chukua tofauti ya malipo kati ya bima kubwa na ndogo, uizidishe kwa miaka mitatu au minne, uilinganishe na kiasi ambacho kampuni ingekupa. Vikikaribiana, bima kubwa imeshapoteza maana kwako. Kati ya hizo mbili mara nyingi ipo bima ya mtu wa tatu inayoongezewa moto na wizi, nayo inasahaulika bila sababu.

Hata hivyo hesabu hiyo ina sharti: uwe na uwezo wa kuishi bila gari hilo. Anayelitumia kusafirisha bidhaa zake na hana akiba ya kununua jingine yuko katika hali nyingine, hata kama gari lake lina umri sawa na la jirani. Mwenye mkopo naye kwa kawaida hana hiari, kwani mkopeshaji hudai bima kubwa mpaka deni liishe.

Eksesi ndiyo njia ya kuokoa ninayoiamini kuliko zote, na pia ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. Ukikubali kubeba sehemu kubwa zaidi ya kila hasara, kampuni hukupunguzia malipo, kwa kuwa haitasumbuliwa na taa zilizopasuka na mikwaruzo. Lipime hivi: kama kila mwaka unaokoa moja ya tano ya eksesi uliyoongeza, unahitaji miaka mitano bila dai ili faida ionekane. Dereva mwangalifu anaweza kuikubali. Lakini fedha hiyo lazima iwepo siku ya ajali. Asiye nayo atakuwa na gari lililokatiwa bima kubwa na limelala gereji, maana fundi halianzi mpaka eksesi ilipwe. Tena, bei ndogo inayotangazwa wakati mwingine imepatikana kwa kuweka eksesi ya lazima iliyo juu, na ile ya hiari hujumlishwa juu yake. Baadhi ya mikataba huweka nyingine kwa dereva kijana. Zijumlishe zote kabla ya kufurahia bei.

Kuna unafuu mwingine ambao siuiti kuokoa hata kidogo. Mtu anatangaza gari lake kwa thamani ya chini ili alipe kidogo, akidhani atapungukiwa pale tu gari likiharibika lote. Mikataba mingi ina kanuni ya uwiano. Gari lenye thamani ya 100 likikatiwa bima ya 60, hasara ya 20 hulipwa 12, nazo 8 zinabaki mfukoni mwako, na hapo eksesi haijaguswa. Kutangaza thamani ya juu nako hakusaidii, kwani utalipwa ya soko.

Karibu na hilo ni uongo kuhusu matumizi: gari la kubeba abiria linaandikwa la binafsi, au la kijana linaandikwa kwa jina la mzazi kana kwamba mzazi ndiye anayeliendesha kila siku. Jaji Mansfield wa Uingereza alieleza mwaka 1766, katika kesi ya Carter na Boehm, kwamba mambo yanayoamua ukubwa wa hatari huwa anayajua zaidi anayekata bima, na kampuni humwamini anachosema. Kampuni ikigundua imedanganywa inaweza kukataa kulipa, na ugunduzi huo hutokea wakati ule ule dai linapochunguzwa. Nawaelewa wanaofanya hivi, kwa sababu malipo ya dereva kijana ni mazito kweli. Kijana na avumilie mwaka mmoja na gari lenye injini ndogo, ajenge rekodi yake mwenyewe; punguzo la miaka bila dai hupewa aliyeandikwa kwenye mkataba.

Punguzo hilo ni mali, na ni moja ya sababu za kufikiri kabla ya kudai hasara ndogo. Ukarabati ukizidi eksesi kwa kiasi kidogo tu, dai linaweza kukugharimu zaidi kwa punguzo utakalopoteza miaka inayofuata. Lakini kutodai si sawa na kunyamaza. Mtu mwingine akihusika, toa taarifa kwa kampuni ndani ya muda ulioandikwa hata kama mmeelewana pale pale barabarani, kwani maumivu ya shingo huja baada ya siku kadhaa.

Je, uhame kampuni kila mwaka? Wanaosema ndiyo wana ushahidi mzito. Huko Uingereza wateja waliokaa walikuwa wakitozwa zaidi ya wapya, mpaka msimamizi wa huduma za fedha akapiga marufuku jambo hilo kuanzia tarehe 1 Januari 2022. Pasipo katazo kama hilo, uaminifu wako unaweza kuwa unatozwa. Wanaosema ukae nao wana jambo: bei huonekana siku ya kununua, ulipaji huonekana siku ya msiba. Mimi naona ulinganishe bei kila mwaka, ila uhame tu ukishazungumza na mtu aliyewahi kudai kwenye kampuni unayoiendea, au na fundi anayepokea magari yake. Kama unaweza, lipa kwa mkupuo. Awamu mara nyingi huja na riba.

Linaloleta ubishi zaidi sasa ni kifaa au programu ya simu inayopima unavyoendesha: mwendo, breki za ghafla, kilomita, saa. Kwa haki, napendelea mtu apimwe kwa uendeshaji wake kuliko kwa mtaa anaoishi. Wapiga kura wa jimbo la California, Marekani, waliamua jambo linalokaribiana na hilo mwaka 1988, walipoagiza kwamba rekodi ya uendeshaji, umbali kwa mwaka na miaka ya uzoefu vitangulie katika kupanga malipo. Anayeendesha kidogo na mchana hufaidika. Muuguzi anayerudi usiku baada ya zamu huweza kuadhibiwa kwa saa ya kazi yake, ingawa anaendesha taratibu kuliko wengi. Na taarifa za kila safari ni nyingi mno kumpa mtu yeyote bila masharti. Kabla ya kukubali, taka jibu la maandishi kwa mambo matatu: kama malipo yanaweza kupanda au hushuka tu, nani mwingine ataziona taarifa hizo, na zitafutwa lini ukiondoka. Wakala asipoweza kujibu, punguzo analokupa bado halina bei inayojulikana.