Ile voisi ya kwenye grupu, mwenye nayo nipo hapa

Najua ishawafikia. Jirani yangu wa chumba cha pili, mtu niliyemnunulia chipsi mayai kwa hela yangu, kaisambaza mpaka kwa shangazi zangu. Sawa. Ila mwanzo kaukata, ngoja niuweke mimi.

Jana usiku tulikuwa geto kwangu tunacheki muvi ya mizimu kwenye laptopu, na profesa ndo mimi. Namwelezea jamaa, huyohuyo jirani, kwamba raha ya kuogopa ni mwili unamwaga adrenalini, moyo unakimbia, ila kichwa kinajua upo kitandani kwako na mlango umefunga, ndo maana ikiisha unacheka. (Mlango sikuufunga. Tutafika.) Nikamwambia na kinachotisha hapo ni mziki tu, zima sauti uone kama hujacheka. Hakuzima. Na mimi sikutaka azime.

Wapangaji wenzangu wa vyumba sita mita moja, habari ya zamu ya kununua LUKU, umeme wa kulipia kabla, mnaijua. Zamu ilikuwa yangu. Tangu juzi.

Basi dada wa kwenye muvi anashuka ngazi, polepole, mshumaa mkononi, mziki kimya, jamaa kashikilia simu anamrekodia demu wake voisi ya usiku mwema, na pap, umeme huo, feni inaishiwa nguvu fyuu... fyuu... fyu, laptopu ina chaji inaendelea zake, dada kafika chini anashika kitasa. Na kitasa CHANGU kikazunguka. Jamani nilikisikia. Mlango ukajisogeza na ule mlio ambao kila wiki nasema nitaupaka mafuta, halafu ukaingia uso. Uso tu. Wa njano, umekauka, una nyufa kama tope la kiangazi, mwanga unatokea chini ya kidevu. Mdomo ukafunguka: "Na wewe..."

Sikusubiri amalizie. Sahani yote ya chipsi niliirusha, na ile sauti nyembamba mnayoicheka ni yangu, siyo ya dada wa muvi, na ndiyo, nilianza na Baba Yetu nikaishia Aya ya Kursi, ambayo mimi Mkristo naijua maneno matatu.

Alikuwa mama mwenye nyumba, kajipaka liwa yake ya usoni, kaja na tochi ya simu kuulizia umeme.

Mnajua nilisema nini? "Shikamoo mama." Chipsi zinamdondoka huku. Akaitika "marahaba" kwanza, ndo akaanza: sisi Unguja mwaka 1995 tulilala nje kumkimbia lile shetani Popobawa, na hakuna aliyelipa hata senti, nyie mnanunua bando mtishwe, umeme hamnunui!

Nikanunua palepale. Tokeni tarakimu 20, mikono inatetemeka, nimekosea mara mbili, mama wa watu kanimulikia tu kimya, na kipande cha yai kimemganda shavuni, hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia.