Nionyesheni nafaka kwenye bugali ya muhogo

Binti ya shangazi yangu alitupeleka kwenye restora moja mpya hapa Bukavu, akasisitiza tuagize gratini ya kamba "bila nafaka, bila maziwa". Makaroni yameondolewa, pahali pake imewekwa shufleri, yaani koliflawa. Jibini imeondolewa, juu limemwagwa tui la nazi. Kamba wenyewe waligandishwa huko mbali wakaletwa hadi mezani, na sisi tumekaa dirishani tunaangalia ziwa Kivu. Bei kwa dola, bila shaka. Mhudumu akanieleza polepole kwamba chakula hiki kinapumzisha tumbo.

Tumbo la nani? Mimi nimekulia kwenye bugali ya muhogo na sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, wa mchuzi: mawese, nyanya, kitunguu, pilipili. Nionyesheni ngano humo. Nionyesheni tone la maziwa.

Najua mtaniambia muhogo ni wanga mtupu. Kweli, protini yake ni ya kutafuta kwa tochi, na ule mchungu usipolowekwa vizuri unabaki na sianidi. Watu waliokula muhogo wa namna hiyo kwa muda mrefu, bila kitoweo cha maana, walipatwa na konzo, miguu ikakakamaa. Ugonjwa huo ulielezwa humu humu Kongo, upande wa Kwango, mwaka 1938. Lakini angalieni mwili unavyojitetea: sianidi inaondolewa kwa msaada wa salfa, na salfa hiyo tunaipata kwenye protini. Protini yenyewe iko kwenye karai la mama muuza sambaza! Loweka muhogo wako siku za kutosha, uanike, utwange, kisha uule na samaki. Bibi zetu walifanya hivyo bila mtu kuwaandikia menyu.

Na kalisiamu je, ukiacha maziwa? Anayeuliza hivyo hajala sambaza mzima, kichwa, mifupa na mkia. Kalisiamu imo kwenye ile mifupa anayoitafuna. Jaribu hivyo na tilapia, tukutane kwa daktari.

Eti sambaza naye ni mgeni: Wabelgiji walimtoa ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakamtia Kivu. Haya, nenda kisiwani Idjwi ukawaambie wavuvi wazime taa zao usiku, samaki si wao.

Wapo ambao ngano inawaumiza kweli, kipande cha mkate tu kinawalaza. Hao siwacheki. Hata mimi maziwa mabichi yananivuruga, ingawa mashanza, yale maziwa yaliyoganda, hupita salama, na jibini ya Masisi sitaiacha kwa ajili ya mtu yeyote.

Ila kama kweli mnawahurumia wasiokula nafaka, achaneni na shufleri, njooni sokoni. Kuna unga wa muhogo unaochanganywa na mahindi, na anayeuza hasemi kitu. Mtu amekatazwa nafaka, anarudi nyumbani na nafaka ndani ya mfuko, anasonga, anakula, halafu anashangaa. Hapo ndipo ningependa kuona yale maandishi "bila nafaka", tena kwa herufi kubwa, juu ya gunia. Juzi nilimuuliza mama mmoja kama wake ni muhogo mtupu. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Papa, unga ni unga. Unachukua ao huchukui?"