Mama anaumwa, nyumba ipo, na hakuna anayetaka kuigusa

Familia nyingi za Dar ziko hivi: mzee alijenga Mbagala au Gongo la Mboto enzi zile viwanja bei chee, akafariki akaacha nyumba ya vyumba sita na mama, watoto wametawanyika, mmoja ndo kabaki nyumbani. Sasa mama apate kiharusi. Kuna pempasi za wakubwa, dawa za presha, mtu wa kumfanyisha mazoezi, bajaji ya kliniki kwenda na kurudi, na grupu la watsap ambalo mwezi wa kwanza michango inamiminika, afu mwezi wa nne unakuta "nimeiona, ngoja mwisho wa mwezi" na emoji ya mikono.

Serikalini usitegemee sana. Sera ya wazee ya 2003 inasema mzee asiye na uwezo atibiwe bure, ila kumuona daktari bure ni kitu kimoja na kuambiwa dawa kanunue nje ni kingine. Zanzibar wenzetu wana pensheni jamii kwa wenye miaka 70 kwenda juu tangu 2016, ilianza 20,000 ikapandishwa hadi 50,000, huku Bara mama aliyeuza vitumbua maisha yake yote hana kitu cha hivo. Bima ya mtumishi wa serikali nayo inabeba mwenza na wategemezi wanne, na wazazi wanahesabiwa humohumo, so ukiwa na watoto wanne mama hana nafasi.

Inabaki nyumba, na hapo ndo ndugu wanapogawanyika.

Wapo wanaosema isiguswe, jasho la baba hilo, ndo mahali pa kukutania Idi na misiba. Siwabezi. Ukiuza mama anahamia kwa nani? Mzee ukimtoa mtaa aliozoea, hana tena shoga wa kupiga nae soga barazani, anaisha haraka. Na hata kupangisha sio rahisi, choo kimoja, luku moja, mpangaji ana spika kubwa na mgonjwa yuko chumba cha pili.

Wengine, na mimi niko huku, wanasema nyumba imtunze mama kwanza. Tuseme vyumba vitatu vya uani 70,000 kila kimoja, hiyo 210,000 kwa mwezi, na kwa kuwa kodi wanalipa miezi sita kwa mkupuo unashika 1,260,000. Ishu ni kwamba kisheria nyumba sio yote ya mama. Kama ni Waislamu, mke mwenye watoto fungu lake ni thumuni tu, yani moja ya nane, hata kama ye ndo alibeba maji ya kufyatulia tofali. Kwa hiyo kodi yote kwenda kwa mama inabidi watoto wakubaliane kwa maandishi, na mirathi ya baba ifunguliwe mahakama ya mwanzo apatikane msimamizi, sio kuiachia miaka kumi kama kawaida yetu.

Afu kuna huyu aliyebaki nyumbani. Anayetuma laki kutoka Muscat anaonekana, meseji ya muamala ipo, ila anayemgeuza mama saa nane ya usiku asipate vidonda hana risiti, na bado anaambiwa "we si unakaa bure". Mi naona alipwe kwenye ile kodi kama angelipwa dada wa kazi, tena zaidi, na iandikwe kwenye daftari.

Ila kumwandikia nyumba, hapana. Najua hoja ya wanaotaka aandikiwe, kaacha kazi yake, ujana wake umeishia kwa mama, akibaki mikono mitupu ni dhulma, na kweli ni dhulma. Lakini mama hawezi kutoa mafungu ya wenzake. Hata lile fungu lake, kwa Waislamu wasia hauendi kwa mrithi bila wengine kuridhia, na hiba, yani zawadi ya akiwa hai, akiitoa kwenye maradhi ya kufa inahesabiwa kama wasia vilevile. Ongeza kiharusi, kesho mtu atauliza kama mama alijua anachoweka dole gumba. Na hati ikiwa jina la mmoja, akichukulia mkopo ukamshinda, nyumba inapigwa mnada mama yumo ndani.

Kuuza mimi naona ni pale kodi haifui dafu kabisa, mfano mama anasafishwa figo mara mbili tatu kwa wiki. Hata hapo, kama kiwanja kinaruhusu, anzeni na kipande cha nyuma, na hela isigawanywe hata shilingi mama akiwa hai, iingie akaunti ya saini mbili: ya huyu anayemuuguza mama na ya yule wa Muscat, maana ndo anaelalamika kuliko wote.